Uzito wa Gunia Tupu

Anasel amenipigia kutoka Guangzhou,
saa moja jioni ya Moshi, kwake usiku wa manane:
"Mama, kampuni inatoa hisa mpya. Mwisho Ijumaa."
Kampuni ya pampu za maji, mkoani Hunan,
jina lake nikilitamka ulimi unateleza.
Nina hisa zake elfu mbili,
kiinua mgongo kilichobaki baada ya bati.

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mizani,
chama cha msingi, Uru. Nimeona mawe ndani ya kahawa,
nimeona gunia lililomwagiwa maji alfajiri ili lizidi kilo.
Nilitoa uzito wa gunia tupu kabla ya kuandika.
Walionuna walikuwa wengi. Wengine ni shemeji zangu.

Basi nimewasha taa ya jikoni, nimevuta daftari.

Hisa milioni mia. Faida milioni hamsini.
Kila hisa inakula nusu yuan.
Sasa wanaongeza hisa milioni thelathini, kwa bei chini ya soko.
Ili nusu ibaki nusu, faida ifike sitini na tano.
Kiwanda kipya kitasimama baada ya miaka miwili.
Wageni wanakaa mezani Jumatatu
na chungu ndiyo kwanza kinafinyangwa.

Taarifa yao inaliita jambo hili kupanuka.
Mbege ikipungua kuna wapanuzi wawili:
anayeongeza ndizi na ulezi, akangoja ichachuke,
na anayeongeza maji wageni wakiwa mlangoni.
Mitungi yote miwili inajaa.
Kata ya kwanza ndiyo hujua.

Kihamba cha babu Ndekirwo kiligawiwa wana wanne,
kisha wajukuu kumi na mmoja.
Leo binamu yangu Aisaria anamiliki migomba tisa na kaburi.
Lakini baba mdogo Kundaeli, wa kihamba hicho hicho,
alichanga na wenzake, akakopa, akafungua mpunga kule Mabogini,
na watoto wakaongezeka, na kila sahani ikazidi kujaa.
Kwa hiyo siwezi kulilaani neno lenyewe.

Ukurasa wa arobaini na moja
(Anasel alinitafsiria huku akipiga miayo):
kiwanda cha zamani kinafanya kazi sehemu sita kati ya kumi.
Nikauliza, hizo nne zimelala kwa nini?
Akasema, Mama, hii ni kampuni inayokua.
Nikasema, hata jipu hukua.
Akacheka. Mimi sikucheka.
Niliiona mashine ya kukoboa tuliyoinunua chamani,
utepe, ng'ombe, hotuba mbili.
Kahawa ya kuijaza haikuja.
Kuku walitagia ndani yake.

Alhamisi nikashuka Kiborloni, kwa Temba wa vifaa.
"Pampu zile za kijani?"
"Zimekwisha tangu Machi, mama. Watu wa Kahe wananipigia kila siku."
Moyo ukapanda. Nikaushusha.
Duka moja la Kiborloni si Uchina,
na pampu kukosekana huku
huenda ni meli tu, huenda ni ushuru.

Mshale wa mizani usiusome ukiwa unacheza,
ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza.
Ila masika yakipiga, foleni imefika barabarani,
magunia yanalowa mgongoni mwa watu,
nimewahi kuandika namba mshale ukitetemeka,
na usiku sikulala.

Nilikuwa na haki ya kununua mia sita.
Nikamwandikia Anasel: nunua mia mbili.
Halafu niulizie zile nne zilizolala.
Daftarini, chini ya hesabu, nikaweka kama zamani
alama ya kutoa,
na mbele yake nafasi, bado haijaandikwa kitu.